Mabaki ya Anga za Juu: Neno na Dhima

Msomaji wetu wa Ngokolo, Shinyanga, hahitaji kuelezwa maana ya magwangala. Ni mawe yaliyotupwa na mgodi wa dhahabu, ambayo mchimbaji mdogo huyasaka kwa ajili ya riziki. Kwake, kutupwa kwa kitu hakumalizi swali la mwenyewe. Swali hilohilo latukabili katika istilahi za anga za juu.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la nchi hiyo lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi.

Wengi huviita vitu hivyo "taka". Katika mazungumzo hatulikatai neno hilo. Katika sheria lapotosha, kwani taka ni kitu kilichoachwa. Mkataba wa 1967 wasema kuwa umiliki wa chombo haubadiliki kwa kurudi kwake duniani, na kwamba dola huwajibika hata kwa shughuli za makampuni yake ya binafsi. Mkataba wa 1972 waitaka dola iliyorusha ilipe fidia ya madhara ya ardhini, hata pasipo kuthibitishwa uzembe.

Kwa hiyo twapendekeza:

mabaki ya anga za juu: vitu vyenyewe;
dola irushayo: mwenye kudaiwa;
dhima: wajibu wa kulipa fidia, usichanganywe na jukumu la jumla.

Makampuni sasa yarusha setilaiti kwa maelfu. Mwanakijiji aandikapo madai yake, asipoteze haki kwa neno lililochaguliwa ovyo.