Kiangazi cha Dubai na Mwili Uliozoea Kaskazi

Mwezi wa Julai, wakati pwani ya Afrika Mashariki imo katika kipupwe na upepo wa kusi unawafanya wazee watafute shuka nzito alfajiri, Dubai, iliyo mwendo wa saa tano hivi kwa ndege kutoka Dar es Salaam, huwa katikati ya kiangazi chake, ambapo wastani wa joto la juu la mchana hufikia nyuzi 41 za Selisiasi na usiku wenyewe mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 30. Miezi sita baadaye mambo hugeuka, kwani Januari, ambayo kwa mkazi wa Zanzibar ni mwezi wa kaskazi na jasho, huleta Dubai mchana wa nyuzi 24 tu na usiku wa nyuzi 14. Tofauti hii inastahili kueleweka vyema na Waswahili, kwa kuwa Watanzania, Wakenya na Waganda wanaofanya kazi katika mji huo, pamoja na wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda kununua bidhaa katika mtaa wake wa Deira, huingia katika msimu ambao miili yao haijapata kuujua, na wengi huuingia wakidhani kwamba aliyekulia kwenye joto hawezi kudhurika na joto.

Dhana iliyoenea kuhusu misimu ni kwamba kiangazi huja pale dunia inapolikaribia jua. Vipimo vya wanafalaki vinaonyesha kinyume chake, maana dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, ikiwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali nalo zaidi mwanzoni mwa Julai, umbali unapofika kilomita milioni 152, kwa hiyo Dubai huungua katika kipindi kilekile ambacho jua liko mbali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kinacholeta misimu ni kuinama kwa mhimili, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita katikati ya dunia kutoka ncha moja hadi nyingine, ambao umelala kwa digrii 23.4 na hubaki umeelekea upande uleule angani wakati dunia inapolizunguka jua. Kwa sababu hiyo, nusu ya kaskazini huelekezwa kwenye jua mwezi wa Juni na nusu ya kusini mwezi wa Desemba, na mwanga unaoanguka wima huikusanya nguvu yake katika eneo dogo, ilhali ule unaoanguka kwa mshazari huitawanya katika eneo kubwa zaidi.

Jambo hili linaweza kupimwa kwa mti wa urefu wa mita mbili uliosimikwa wima juani. Dubai iko latitudo ya digrii 25 Kaskazini, chini ya digrii mbili kutoka Tropiki ya Kansa, mstari unaokatiza kusini mwa Umoja wa Falme za Kiarabu na ambao ndio mpaka wa kaskazini wa sehemu ambazo jua linaweza kufika utosini. Hivyo, tarehe 21 Juni, saa sita na dakika ishirini za mchana kwa saa za huko, kivuli cha mti huo huwa na urefu wa sentimita sita tu, lakini mchana wa tarehe 21 Desemba hurefuka kupita mita mbili na robo. Mti kama huo ukisimikwa Dar es Salaam, iliyo karibu digrii saba Kusini, kivuli chake cha Juni hulala upande wa kusini kwa mita moja na ushei, na cha Desemba huhamia upande wa kaskazini kikiwa na sentimita 60 hivi, huku mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba kikikaribia kutoweka kabisa. Jua, kwa maneno mengine, hupita utosini mwa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka na kamwe haliendi mbali, na ndiyo sababu joto la pwani hubadilika kwa nyuzi chache tu kati ya kaskazi na kipupwe.

Urefu wa mchana nao hufuata kanuni hiyohiyo. Nairobi hupata mchana wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, ilhali mchana wa Dubai huwa karibu saa kumi na tatu na dakika 45 mwezi wa Juni, kisha hupungua hadi kama saa kumi na nusu mwezi wa Desemba. Waislamu wa Zanzibar waliokuwa Dubai katika Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoangukia Juni na mwanzo wa Julai, walifunga kwa saa kumi na tano hivi, huku jamaa zao nyumbani wakifunga kwa saa kumi na tatu.

Hata hivyo, pembe ya jua peke yake haielezi kwa nini Mwafrika Mashariki huhesabu misimu yake kwa mvua na pepo badala ya joto na baridi. Karibu na Ikweta, hewa iliyopashwa joto hupanda juu, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua, na ukanda huo wa mvua hulifuata jua likielekea kaskazini na kurudi kusini, ukileta masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hewa iliyokwisha kumwaga mvua yake husafiri juu kwa juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka katika latitudo za digrii 20 hadi 30, na inaposhuka hubanwa, hupata joto na kuzuia mawingu kujengeka, ndiyo maana jangwa la Arabuni, sawa na Sahara, limetandaa katika latitudo hizo. Dubai hupata chini ya milimita 100 za mvua kwa mwaka wa kawaida, nyingi zikija katika miezi ya baridi kutokana na mifumo ya hali ya hewa inayotoka upande wa Bahari ya Kati; mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, iliyomwaga zaidi ya milimita 250 katika eneo la Khatm Al Shakla huko Al Ain kwa muda usiotimia siku moja, ilikuwa kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949.

Ajabu ya jiografia hii ni kwamba upepo unaoipoza Zanzibar mwezi wa Julai hupita karibu na Arabuni bila kuifaa Dubai kwa lolote. Kusi huvuka Ikweta, hupindishwa kuelekea kulia na mzunguko wa dunia, hupita kwa kasi kwenye mwambao wa Somalia na kuelekea Bara Hindi kama upepo wa kusini-magharibi, na njiani huigusa milima ya Dhofar nchini Oman. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba mji wa Salalah hufunikwa na ukungu na manyunyu, vilima vyake hugeuka kijani kibichi, na joto lake hubaki chini ya nyuzi 30, wakati Dubai, iliyo chini ya kilomita elfu moja kutoka hapo, inapopita nyuzi 40. Manahodha wa majahazi waliosafiri kwa kaskazi kutoka Oman na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakarudi kwa kusi, waliujua mpangilio huu wa pepo karne nyingi kabla ya kuwapo kwa vituo vya hali ya hewa.

Jua hufika kilele chake Dubai mwezi wa Juni, lakini joto hufika kilele Julai na Agosti, kwa sababu ardhi na hasa bahari huendelea kupokea joto jingi kuliko linalopotea. Ghuba, ambayo Dubai iko ufukweni mwake, ni bahari yenye kina kifupi, wastani wa mita 35 hivi, na imefungwa pande zote isipokuwa kwenye mlango mwembamba wa Hormuz, hivyo joto la maji yake hupanda hadi kupita nyuzi 33 katika mwezi wa Agosti na kuipa hewa mvuke usiokauka hata usiku. Watu wa Ghuba wamezoea kuhesabu mwaka wao wa kazi tangu nyota ya Suhaili inapoonekana alfajiri karibu na tarehe 24 Agosti, wakiugawa kwa mafungu ya siku kumi kumi, kama wavuvi na wakulima wa pwani ya Waswahili walivyohesabu miongo tangu siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi huko Unguja bado huisherehekea kila Julai. Kuonekana kwa Suhaili huashiria kwamba ukali wa joto unaanza kulegea, lakini hakuondoi unyevu, na hapo ndipo hatari kwa mwili inapofichika.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka tu, si linapotiririka. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho hubaki limelowesha nguo, moyo huzidi kwenda mbio ukisukuma damu kuelekea kwenye ngozi, na joto la ndani huanza kupanda. Likipita nyuzi 40 na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto, ambacho huua kama mgonjwa hakupozwa upesi kwa maji baridi na barafu huku gari la wagonjwa likiitwa kwa namba 998. Wanasayansi hupima mchanganyiko wa joto na unyevu kwa kipimajoto chenye ncha iliyofunikwa kitambaa kibichi, na kwa muda mrefu walihesabu nyuzi 35 za kipimo hicho kuwa ukomo wa uhai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Ras Al Khaimah imekwisha kuufikia ukomo huo kwa muda mfupi, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waligundua kwamba hata vijana wenye afya hushindwa kujipoza kwenye nyuzi 31 hivi.

Mwili hujifunza, lakini kwa siku saba hadi kumi na nne, ambapo jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi yake hupungua. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hushauri mfanyakazi mgeni afanye kazi juani kwa asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, na aongezewe asilimia 20 kila siku inayofuata, huku akinywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mazoea haya hupotea baada ya wiki chache, kwa hiyo mlinzi aliyekwenda likizo Mombasa mwezi wa Juni na kurudi Julai ni mgeni upya, hata kama ameishi Dubai miaka kumi.

Likizo yenyewe ina hatari yake upande wa pili. Shirika la Afya Duniani liliutangaza Umoja wa Falme za Kiarabu kuwa huru na malaria mwaka 2007, na anayeishi huko miaka mingi bila kuugua malaria hupoteza ile kinga ya kiasi aliyokuwa nayo, hivyo anayerudi nyumbani wakati wa masika au mara baada yake anahitaji chandarua na ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga kama mgeni mwingine yeyote.

Tangu mwaka 2005, serikali ya Umoja wa Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani wakati wa kiangazi, na sasa marufuku hiyo ni kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba. Ni sheria njema iliyookoa watu, lakini imefungwa kwenye saa na tarehe, yaani kwenye mwendo wa jua, wakati unyevu wa Ghuba unaweza kuifanya saa tatu asubuhi ya mwishoni mwa Septemba kuwa ya hatari sawa na mchana wa Julai. Qatar, kwa amri yake ya mwaka 2021, ina marufuku ya saa na tarehe pia, lakini imeongeza kwamba kazi isimame wakati wowote ule kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, mionzi na upepo kinapopita nyuzi 32.1, na kipimo cha namna hiyo ndicho kinachopaswa kuwekwa katika kila eneo la ujenzi la Dubai.