Lori linakula maji? Pima kwanza kabla ya kufungua hedi

MUYINGA – Dereva ametoka Dar es Salaam na mzigo wa Burundi. Amepita Nyakanazi, amevuka mpaka wa Kabanga na Kobero, na akiwa anakaribia mji wa Muyinga geji ya joto inaanza kupanda. Anasimama, anasubiri, anaongeza lita tano za maji na kuondoka. Kilomita 20 mbele mambo ni yale yale. Fundi wa kwanza anayeitwa anatazama kidogo, anatikisa kichwa na kusema: "Gasketi ya hedi imeungua. Tufungue."

Huenda fundi huyo anasema kweli. Lakini neno "tufungue" ni miongoni mwa maneno yenye gharama kubwa katika biashara ya usafirishaji. Hedi ikishafunguliwa, lori halitembei tena mpaka gasketi mpya ipatikane. Vipuri vya malori makubwa huweza kulazimika kutoka Bujumbura, au Dar es Salaam ambako ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mpakani. Aidha, uhaba wa fedha za kigeni ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umefanya uagizaji wa vipuri kuwa mgumu zaidi. Na kama mzigo uko chini ya lakiri ya forodha, kwa mfano unaoelekea Uvira, hauwezi kuhamishiwa lori jingine bila idhini ya forodha.

Kwa maana hiyo, swali la kwanza la mwenye lori si "gasketi ni bei gani?" bali "tumejuaje kwamba ni gasketi?" Makala haya yanaeleza namna ya kupata jibu, kuanzia vipimo vya bure hadi vile vinavyohitaji kifaa.

Kwa nini milimani maji huchemka mapema

Mji wa Muyinga uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Gitega nayo iko juu ya mita 1,500. Katika mwinuko wa Muyinga, maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, na siyo 100 kama Dar es Salaam. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Bila msaada wowote, basi, maji ya rejeta yangechemka katika joto la kawaida la kazi.

Msaada huo unatoka kwenye kifuniko cha rejeta, au cha tangi la akiba katika malori ya kisasa. Kifuniko kizima hubana presha ya karibu baa 1 ndani ya mfumo, na presha hiyo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110 hata hapa milimani. Raba yake ikichakaa au springi yake ikilegea, presha inapotea, maji yanachemka na kumwagika nje kupitia mpira wa akiba. Gari hilo halikuwa na tatizo Morogoro wala Dodoma, lakini likifika Ngara na Muyinga linaanza "kula maji". Dereva anadhani gasketi imeungua njiani, kumbe ni kifuniko.

Ndiyo maana kifuniko ni cha kwanza kukaguliwa. Tazama raba, tazama springi, soma presha iliyoandikwa juu yake na uhakikishe ndiyo inayotakiwa na injini yako. Kukibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Tahadhari: usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuubonyeza kwa mkono bila kuungua. Wala usimimine maji baridi ghafla kwenye injini iliyochemsha, kwani hedi inaweza kupasuka, na hapo utakuwa umetengeneza ugonjwa ambao haukuwepo.

Tafuta tone kwanza

Maji yanayopotea yana njia mbili tu: nje ya injini au ndani yake. Ya nje huacha alama. Jioni laza boksi kavu chini ya injini na ulitazame asubuhi. Kagua maungio ya mipira, hasa chini ya klipu. Kagua pembe za rejeta. Kagua tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Likitoa maji, sili ya pampu imekwisha. Ukungu au utelezi wa rangi nyeupe, kijani au kutu ni mahali ambapo maji yamekuwa yakivuja na kukauka kwa joto, hata kama hakuna tone unaloliona sasa.

Usisahau ndani ya kabini. Hita ikivuja, zulia la upande wa utingo huwa na unyevu na kioo cha mbele hufanya ukungu.

Kumbuka pia kwamba kuchemsha si lazima kutokane na upungufu wa maji. Mkanda wa feni uliolegea, feni isiyoshika, themostati iliyoganda au rejeta iliyoziba kwa matope huchemsha injini, halafu maji ndiyo yanamwagika. Hapo upungufu wa maji ni matokeo, na chanzo kiko kwingine. Gasketi nayo mara nyingi huungua kwa sababu injini ilichemshwa na kuendeshwa hivyo hivyo. Anayebadilisha gasketi bila kutibu kilichochemsha injini atarudi gereji hiyo hiyo.

Dalili zinazodanganya

Moshi mweupe asubuhi. Katika baridi ya milimani, mvuke kutoka kwenye bomba la moshi kwa dakika za mwanzo ni kawaida. Unaotia shaka ni ule unaoendelea injini ikishapata moto, hasa ukiwa na harufu tamutamu ya kulanti.

Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili. Gari linalotembea safari fupi kwenye baridi hukusanya unyevu hapo. Utando huo peke yake hauthibitishi kitu. Ushahidi mzuri zaidi uko chini: asubuhi kabla ya kuwasha, legeza kidogo nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imepanda au imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa. Oili ya namna hiyo huua beringi.

Oili ndani ya rejeta. Inaweza kuwa gasketi, lakini kipoza oili kikitoboka hutoa dalili hiyo hiyo.

Vipimo vinavyotoa jibu

Kipimo cha mpira. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, funga kifuniko na uwashe. Shika mpira wa juu wa rejeta. Presha ya kawaida huja polepole kadiri maji yanavyopata joto. Mpira ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, kuna hewa au moshi unaosukumwa ndani ya mfumo.

Kipimo cha mapovu. Injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, washa na utazame maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, na yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni dalili nzito.

Kipimo cha pampu ya presha. Ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko. Ipandishe hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kamwe isizidi, kisha subiri dakika 15. Presha ikishuka na nje hakuna tone, maji yanaingia ndani ya injini.

Kipimo cha dawa ya rangi. Dawa ya bluu huwekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta na hewa ya rejeta hupitishwa ndani yake. Kukiwa na gesi ya moshi, rangi hubadilika kuelekea kijani au njano. Kwa dizeli kipimo hiki kifanywe injini ikiwa ya moto na ikipewa kazi, kwani ikiwa imesimama tu gesi huwa kidogo. Maji yenyewe yasiguse dawa, vinginevyo kipimo kimeharibika.

Mhalifu anayefanana na gasketi

Hapa ndipo malori makubwa yanapotofautiana na magari madogo. Kompresa ya upepo wa breki katika malori mengi hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ndogo ikiungua, upepo huingia kwenye maji na rejeta hutoa mapovu kama vile hedi imeharibika. Kuitambua si vigumu: tazama mapovu wakati kompresa inajaza matangi, kisha tazama baada ya upepo kujaa na kompresa kupumzika. Mapovu yakipungua sana au kukoma, mshuku kompresa kabla ya hedi. Lakini dawa ya rangi haibadiliki kwa upepo mtupu, hivyo vipimo viwili vikiwekwa pamoja hutenganisha wahalifu hawa.

Malori yenye kipoza moshi cha EGR nayo huweza kupoteza maji kupitia kipoza hicho kikipasuka. Maji huishia kwenye bomba la moshi, oili inabaki safi, na fundi anafungua hedi nzima bure.

Hesabu ya mwenye lori

Tuseme, kwa mfano tu, siku moja ya lori kusimama inakugharimu dola 150. Vipimo vyote vinachukua nusu siku, yaani dola 75, na fundi anataka 20. Jumla ni 95. Kufungua hedi bila sababu kunasimamisha lori siku nne, dola 600, pamoja na dola 300 za gasketi na ufundi. Jumla ni 900.

Fundi anayekosea mara moja katika kumi anakugharimu wastani wa dola 90 kila anapofungua bila kupima. Hapo mko karibu sare. Akikosea mara mbili katika kumi ni dola 180, na kipimo kimejilipa karibu maradufu. Weka namba zako mwenyewe; utaona kwamba kadiri vipuri vinavyokuwa mbali, ndivyo kipimo kinavyokuwa rahisi.

Uamuzi wa barabarani nao ufuate vipimo. Kama maji yanavuja nje polepole, geji imetulia na oili ni safi, dereva anaweza kusonga taratibu kupitia Karuzi hadi Gitega, akibeba maji na kukagua mara kwa mara. Kama mpira unakuwa mgumu injini ikiwa baridi, au kuna maji kwenye oili, simama. Kuendelea kunageuza gharama ya gasketi kuwa gharama ya injini. Na kama asubuhi stata inagoma kana kwamba injini imeshikwa, usilazimishe: maji yanaweza kuwa juu ya pistoni, nayo hayabanwi. Kitakachopinda ni konrodi.

Ikibidi kufungua

Vipimo vikithibitisha, mwambie fundi mambo manne. Kwanza, atambue silinda yenye tatizo kabla ya kufungua. Scania nyingi, kwa mfano, zina hedi moja kwa kila silinda, hivyo si lazima kufungua zote. Pili, hedi ipimwe unyofu kwa rula ya chuma na fila geji, na ikaguliwe nyufa. Tatu, bolti zikazwe kwa spana ya toki kwa mpangilio wa mtengenezaji, na zile zinazotakiwa kuwa mpya ziwe mpya. Nne, akuonyeshe gasketi ya zamani na mahali ilipoungulia. Kama haikuungua popote, tafuteni tena.

Dereva kutoka Tanzania ajue pia kwamba gereji za Burundi hutumia majina ya Kifaransa: gasketi ya hedi ni "joint de culasse" na kifuniko ni "bouchon". Kutoelewana juu ya kipuri kimoja kunaweza kuongeza siku nzima.

Mwisho, maji ya kijito si kulanti. Yana tope na chumvi zinazoziba rejeta. Kulanti haihusu barafu pekee. Huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo katika mwinuko huu si anasa. Ukilazimika kutumia maji, ya mvua yaliyo safi ni afadhali, na kulanti irudishwe mapema. Ile ya zamani isimwagwe ovyo, kwani ni sumu, na utamu wake huvutia mifugo.

Kabla ya safari nyingine, basi, kagua kifuniko cha rejeta na ubebe cha akiba. Hakichukui nafasi kwenye kabini.