Waamini wa Mwanzo (5): Meza ya Korintho na Viti vya Mbele

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais William Ruto katika Kanisa Katoliki la Soweto, kwa ajili ya kwaya, watoto na nyumba ya mapadre, zirudishwe kwa mwenyewe. Mjadala ukakimbilia siasa. Wachache waliuliza jambo lililo karibu zaidi na madhabahu: mgeni mwenye mamilioni akiingia, nani huondolewa kitini ili yeye akae?

Jambo hilo Korintho walilijua vizuri. Mji wenyewe wasomaji wa mfululizo huu wameshautembelea: Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, Julius Caesar akaufufua mwaka 44 KK, na wengi wa walowezi wake wakawa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa watu waliotoka chini na hawakutaka kukumbushwa walikotoka. Sasa tuingie ndani, tuitazame meza.

Jengo la kanisa halikuwapo. Waamini walikusanyika kwa mwenye nafasi, mtu kama Gayo. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kilichukua watu tisa hivi, wakijiegemeza kwenye makochi matatu. Wengine walitafuta pa kukaa uani. Chakula nacho kilijua daraja za watu. Pliny Mdogo, takriban nusu karne baadaye, alimcheka mwenyeji mmoja aliyegawa mvinyo mara tatu: mzuri wake na wageni wakubwa, wa kati kwa marafiki wadogo, hafifu kwa walioachwa huru.

Ndipo inapoeleweka hasira ya Paulo alipowaandikia kutoka Efeso, miaka ya 50 BK, kwamba kwenye karamu ya Bwana huyu ana njaa na yule amelewa. Mtumwa hakuwa na saa yake. Yamkini alifika sahani zimeshafutwa.

Dawa aliyowapa, mfano wa mwili, ina historia tamu, na inasikitisha kwamba mahubiri huiruka. Livy anasimulia kuwa mwaka 494 KK makabwela wa Roma waligoma, wakaondoka mjini. Menenius Agrippa akatumwa kuwabembeleza kwa kisa cha viungo vilivyokataa kulilisha tumbo, mwishowe mwili mzima ukadhoofu. Makabwela wakarudi (si mikono mitupu: walipata matribuni wa kuwatetea), lakini tumbo lilibaki tumbo. Kisa hicho kilitumiwa kumtuliza mnyonge. Paulo akauchukua mwili uleule, akaupindua: kiungo kinachoonekana dhaifu ndicho cha lazima, na kinachodharauliwa ndicho kivikwe heshima zaidi. Agrippa angeshtuka.

Wala hakuishia kwenye mfano. Waraka wake kwa Warumi, unaoaminika kuandikwa huko huko Korintho, unamwacha karani aliyeuandika, Tertio, atoe salamu kwa jina lake. Erasto, mtunza hazina ya mji, anatajwa mstari mmoja na Kwarto, ambaye cheo chake pekee ni ndugu. Mwaka 1929 wachimbuaji walikuta Korintho jiwe lenye jina la Erasto aliyetengeneza sakafu kwa fedha zake. Wataalamu bado wanabishana kama ndiye. La Kwarto halijapatikana, na mtu asilisubiri.

Huku kwetu, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970, sala ilihamia majumbani, kwa zamu, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja. Ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa. Lakini baadhi ya jumuiya hizo zimegeuka vituo vya kukusanyia michango, na Jumapili bado yapo makanisa yanayosoma majina ya watoaji kuanzia kiasi kikubwa, huku mama anayefagia ukumbi tangu Ijumaa akitajwa tu anapougua. Asomaye orodha hiyo aianzie chini walau mara moja, aone nani atanuna.

Sehemu ijayo itamfuata Fibi, kutoka bandari ya Kenkrea.