Moteri ya kizamani kwa barabara na kwa mbio: kosa moja linaweza kuondoa freni

Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya mji wa Detroit huko Marekani, inajaa magari ya miaka ya 1960 na 1970. Watu wanapanga viti kando ya barabara tangu asubuhi, na moteri zinasikika kabla gari haijaonekana. Sherehe hiyo, Woodward Dream Cruise, ilianza mwaka wa 1995.

Wengi wa wenye magari hayo wana hamu moja: kuwa na gari inayokimbia vizuri kwenye uwanja wa mbio, kisha inarudi nyumbani kwa magurudumu yake yenyewe, bila kubebwa juu ya lori. Kwa kusema ni rahisi. Kwa kutengeneza, ni hapo wengi wanapoteza pesa, na wengine wanahatarisha maisha.

Magari haya yalitoka wapi?

Mwaka wa 1964, kampuni ya Pontiac ilichukua moteri kubwa ya litri 6,4 na kuiweka ndani ya gari ya ukubwa wa kati. Gari hiyo iliitwa GTO, na vijana waliipenda sana. Kampuni zingine zilifuata. Chevrolet ilitoa moteri ya silinda 8 ya litri 5,7, inayoitwa 350, ndani ya Camaro ya mwaka wa 1967. Ndiyo moteri ambayo mafundi wengi wanaanza nayo hadi leo, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila mahali huko.

Mashindano yenyewe ni ya zamani kuliko magari hayo. Vijana walikuwa wakishindana usiku kwenye barabara za watu wote. Mwaka wa 1951, Wally Parks alianzisha chama cha NHRA huko California, kwa kusudi la kuondoa mbio barabarani na kuzipeleka kwenye viwanja vyenye sheria. Magari mawili yanasimama pamoja, taa zinawaka, na wa kwanza kumaliza metri 402 ndiye mshindi.

Esanse ya leo si ile ya zamani

Swali la kwanza la fundi ni hili: moteri itakunywa esanse gani? Ndani ya silinda, pistoni inabana hewa na esanse kabla ya moto kuwashwa. Kadiri inavyobana zaidi, ndivyo nguvu inavyoongezeka. Lakini ikibana kupita kiasi, esanse inalipuka yenyewe kabla ya wakati. Moteri inaanza kugonga, na pistoni inaweza kupasuka.

Mwaka wa 1970, aina moja ya moteri ya 350, iliyoitwa LT-1, ilibana mara 11 na kutangazwa kuwa na nguvu za farasi 370 ndani ya Corvette. Ilitumia esanse kali yenye risasi. Mwaka uliofuata, kampuni ilishusha kipimo hicho hadi 9, na nguvu zikashuka hadi 330, kwa sababu esanse yenye risasi ilikuwa inaelekea kuondolewa. Leo, anayetumia kulasi za chuma kizito na esanse ya kawaida ya kituo anabaki karibu na 9,5 au 10. Kulasi za aluminiamu zinaruhusu kuongeza kidogo, maana zinapoteza joto haraka.

Hatari iliyojificha

Kosa linalowapata wengi ni kwenye arbakamu, ule mti wa chuma unaofungua na kufunga supape. Arbakamu kali inaacha supape wazi kwa muda mrefu. Moteri inapata nguvu nyingi ikizunguka kwa kasi, na ikisimama inatoa ule mlio wa kutetemeka ambao vijana wanaupenda.

Lakini freni za magari mengi zinasaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka ndani ya moteri. Arbakamu kali inapunguza mvuto huo moteri inapozunguka polepole. Dereva anafika kwenye taa nyekundu, anakanyaga freni, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye uwanja wa mbio kuna nafasi ndefu ya kusimama. Barabarani, mbele yake kuna mtoto anayevuka. Ndiyo sababu mafundi wazoefu wanachagua arbakamu ya kiasi, hata kama inawapotezea sehemu ya sekunde.

Kupima kabla ya kufunga

Kazi inayobaki ni ya uvumilivu. Moteri inafunguliwa yote na kuchunguzwa kama ina ufa. Silinda zilizolika zinachongwa upya, mara nyingi kwa milimetri 0,76, na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Vilibrekeni inasawazishwa ili isitikise moteri. Nafasi ya kila segma inapimwa moja kwa moja, maana chuma kinapanuka kikipata moto.

Hata kuwasha mara ya kwanza kuna sheria. Kwa moteri hizi za kizamani, arbakamu mpya inapakwa mafuta kutokana na mzunguko wa vilibrekeni. Kwa hiyo haiachwi kuzunguka polepole: inashikiliwa juu ya mizunguko 2.000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi. Anayeizima na kuiwasha kila mara anaweza kuiharibu siku hiyo hiyo.

Moteri ya namna hiyo ikifikia nguvu za farasi 400, gari inaweza kumaliza metri 402 kwa sekunde 12 au 13. Kwa mwendo huo, sheria za NHRA zinamlazimisha dereva kuvaa kofia ngumu.

Mafundi wetu wanajua

Fundi wa Bukavu au Butembo ambaye amewahi kufungua moteri ya lori atatambua kazi hii: segma ni zilezile na kupima ni kulekule. Hata hewa inatuunganisha. Uwanja wa Bandimere huko Colorado, uliofungwa baada ya mashindano ya 2023, ulikuwa kwenye milima, na magari yalikuwa yanapoteza nguvu huko kwa sababu hewa ni nyepesi, kama vile moteri zinavyochoka kwenye milima yetu.

Mwenye gari Detroit na mwenye gari Goma wanakutana mahali pamoja: kabla ya kuongeza nguvu ya moteri, uliza kwanza kama gari itaweza kusimama.