Nembo ya Kikundi cha Boti za Umeme: Ichorweje, na Iwe Mali ya Nani?



Wenzetu wa mialo kadhaa ya Ziwa Victoria wametuletea swali. Wao wameweka pembeni injini za petroli, wamefunga mota za umeme kwenye mitumbwi yao, wamezipenda, na sasa wameunda kikundi cha wapenzi wa boti za umeme. Wanataka nembo, na wanauliza wachore nini. Tuliwajibu kwa barua, lakini swali lenyewe ni la wengi, kwa hiyo tumeona tulieleze hapa kwa urefu kidogo.

Nembo si pambo. Itapakwa ubavuni mwa chombo, itakuwa kwenye muhuri wa barua, kwenye stakabadhi ya ada na kwenye bendera pale mwaloni. Kazi yake ni kumjulisha mtu asiyewajua ninyi ni nani, hata kama hajui kusoma. Kwa sisi watu wa chama kuna kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: nembo huonyesha ni nani anayesema. Wavuvi wengi wenye mota hizi hawakuzinunua, wamekodishiwa. Betri ikiisha huipeleka kituoni, hupewa nyingine iliyojaa, na hulipa. Sasa itakuja siku ya kuzungumza juu ya bei ya kubadilisha betri. Kikundi kikiingia katika mazungumzo hayo kimevaa fulana zenye chapa ya mwenye betri, nani ataamini kwamba kimekuja kuwasemea wavuvi?

Tunalisema hili kwa sababu kikundi kimoja kimekwisha ahidiwa kuchorewa nembo bure na yule yule anayekodisha mota. Mchoro tumeuona. Ni mzuri wa kupendeza, lakini rangi ni za kwake, na herufi iliyo katikati ni herufi ya kwanza ya jina lake. Tumewashauri wamshukuru kwa ukarimu wake, kisha wachore ya kwao.

Wachore nini basi? Hapo ndipo ugumu ulipo. Boti ya tanga utaijua kwa tanga, na meli ya zamani utaijua kwa moshi wake. Boti ya umeme ikitazamwa kutoka ufuoni ni boti kama boti nyingine, maana sifa yake ni vitu visivyokuwepo: hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna mafuta yanayoelea majini. Utachoraje kitu kisichokuwepo? Tena ugumu huu si wa leo. Mwaka 1838 mtaalamu Moritz Jacobi aliendesha boti kwa nguvu ya betri katika mto Neva kule Urusi, na katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 boti 55 za umeme zilibeba watazamaji. Kule Ujerumani, katika ziwa Königssee, boti za umeme zimekuwa zikichukua abiria tangu mwaka 1909. Kwa hiyo wenzetu wasijisumbue kuchora kitu cha kutangaza kwamba umeme majini ni maajabu mapya.

Jibu la kwanza la kila mtu ni radi, ule mstari uliovunjika kama herufi Z. Sisi tunaikataa. Katika alama zinazotumika duniani, radi nyeusi ndani ya pembetatu ya manjano maana yake ni hatari ya umeme. Watoto wetu tumewafundisha kukimbia mahali penye alama hiyo. Leo mama mwenye kapu la samaki amefika mwaloni, anataka kuvuka, maji yako miguuni, na mbele yake kuna mtumbwi uliochorwa alama ya kuua. Atapanda wa jirani. Isitoshe, mvuvi gani anayependa radi akiwa katikati ya ziwa?

Wengine walichora waya wenye plagi unaoning'inia nyuma ya mtumbwi. Ulifanana na mkia wa panya. Wengine walichora jua. Jua ni zuri ikiwa betri zenu huchajiwa kwa mitambo ya jua, lakini kama kituo kinachota umeme wa nguzo, nembo itakuwa inasema uongo. Fundi mmoja alipendekeza mstari wa mawimbi ambao ungekuwa maji na umeme kwa pamoja. Wazo lilipigiwa makofi mpaka fundi mwenzake akakumbusha kwamba umeme wa betri hauna mawimbi, huenda moja kwa moja. Mafundi ni watu wa namna hiyo.

Lipo pia pendekezo lililotuudhi, nalo ni injini ya petroli iliyokatwa kwa alama ya mkasi. Wenye injini za petroli ni wanachama wenzetu, wanalipa ada ile ile, na wengi wao wangehamia umeme kesho kama malipo yangekuwa nafuu. Nembo inayomtukana jirani inamfukuza mtu ambaye mwakani mtamhitaji.

Shauri lililotupendeza zaidi lilitoka kwa kijana anayetengeneza redio. Alisema kwamba katika michoro ya mafundi, betri huonyeshwa kwa mistari miwili tu iliyolala sambamba, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mrefu ni upande wa chanya, mfupi ni upande wa hasi. Akachora mtumbwi kwa ubavu, akaiweka mistari hiyo miwili chini yake, mrefu juu na mfupi chini. Anayejua mambo ya umeme anaona betri. Asiyejua anaona maji. Wala hakuna anayetishwa.

Mtu asidhani kwamba nembo nyepesi hivyo haina nguvu. Mwaka 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, walipogoma, msanii Jerzy Janiszewski aliwachorea jina la chama chao, Solidarność, kwa herufi nyekundu zilizobanana na kuegemeana kama watu katika maandamano, na bendera ya nchi ikipepea juu ya herufi moja. Hakuchora nyundo wala meli, na nembo hiyo ilijulikana dunia nzima.

Katika rangi kuna mitego ya majini. Msichague bendera nyeupe yenye mkasi mwekundu, kwa maana katika bendera za mabaharia hiyo husema: nahitaji msaada. Bendera nyekundu tupu yenye pembe mbili kama mkia wa mbayuwayu husema chombo kina mzigo wa hatari. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva, hivyo anayetaka kuchora alama ya kujumlisha kwa ajili ya betri asiipake nyekundu. Nembo ya taifa iacheni kwa serikali, na rangi za vyama vya siasa ziacheni kwa wenyewe. Bora nembo ichorwe kwa rangi moja tu. Muhuri una wino mmoja, na mashine ya kutoa nakala haijui kijani.

Kabla ya kukubaliana, ijaribuni. Ichoreni iwe ndogo kama sarafu, mwone kama mistari miwili bado inatengana au imekuwa doa moja. Halafu ichoreni kubwa kwa chokaa ubavuni mwa mtumbwi, mwende hatua mia moja, mwulize mtoto anaona nini. Kwa kupaka rangi, kateni kiolezo kwenye plastiki ya dumu kuukuu. Mkiweka herufi, kumbukeni kwamba tumbo la O na la A hudondoka mkikata, kwa hiyo acheni vidaraja vya kulishikilia. Namba ya usajili ya chombo isifunikwe hata kidogo.

Mwisho ni karatasi. Mchoro upitishwe na mkutano wa wanachama wote, wakiwemo wasaidizi wasio na mtumbwi wao wenyewe. Uandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba nembo ni mali ya kikundi, na aliyeichora atie sahihi kwamba ameitoa kwa kikundi, akiwa amelipwa au hakulipwa. Kiolezo na muhuri vitunzwe na katibu, si nyumbani kwa mwenyekiti. Na mwenye mota akitaka kuacha chapa yake kwenye mota yake, aiache, ni mali yake. Ubavu wa mtumbwi ni wa mvuvi, na akitaka kutangaza biashara yake hapo, bei yake izungumzwe pamoja na ile ya betri.