Mshahara mnono, bosi mkorofi: unapimaje?

Tuseme unaishi Marangu na msimu wa wageni ndio unaanza. Kampuni mbili zinatafuta wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Ya kwanza inalipa shilingi 40,000 kwa siku, lakini kiongozi wake ni mtu wa matusi, na ukimjibu hupangwi tena. Ya pili inalipa 25,000, ila watu wake wanasikilizwa. Viwango hivi ni vya mfano tu. Wewe ungeenda wapi?

Wengi watasema: hela kwanza, matusi hayaui. Hapo kwenye "hayaui" ndipo sayansi ina neno.

Moyo nao unafanya hesabu

Kuanzia mwaka 1967, watafiti wa Uingereza waliwafuatilia maelfu ya watumishi wa serikali jijini London, katika utafiti unaojulikana kama Whitehall. Ungedhani wakubwa wenye majukumu mazito ndio wangekufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Ikawa kinyume: waliokufa zaidi ni wa ngazi za chini, na uvutaji sigara peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kwamba watu wasio na sauti juu ya kazi yao wenyewe walipata ugonjwa wa moyo zaidi. Mwaka 2005, Mika Kivimäki na wenzake wakaongeza jambo: wanaume walioona kwamba wakubwa wao wanawatendea haki walikuwa na hatari ndogo zaidi, pungufu kwa karibu theluthi moja.

Tafiti za namna hii zinaonyesha uhusiano. Hazisemi kwamba kila anayefokewa ataugua. Lakini njia inajulikana. Ukifokewa, mwili unamwaga adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanapanda, sukari inaongezeka kwenye damu. Ukikutana na nyati, hiyo ni nafuu kubwa. Ila nyati anaondoka; bosi unaamka naye kesho.

Mlimani, kunyamaza kuna bei yake

Sasa tupande. Kutoka geti la Marangu unapita Mandara, karibu mita 2,700, Horombo 3,700, kisha Kibo 4,700. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi ina takriban nusu ya oksijeni unayoipata ufukweni Tanga. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni dalili za mwanzo. Ukizipuuza na kuendelea kupanda, ubongo unaweza kuvimba au mapafu kujaa maji, na vyote viwili vinaua. Tiba ya kwanza ni kushuka. Kuzaliwa Marangu hakukupi kinga.

Angalia basi: maumivu ya kichwa hayaonekani kwa macho. Ni wewe tu unayeyajua. Kwa hiyo uhai wako unaweza kutegemea sentensi moja: "Kiongozi, kichwa kinaniuma." Kama sentensi hiyo inakunyima safari ijayo, utaimeza.

Amy Edmondson alikuta jambo kama hilo hospitalini Marekani. Katika utafiti wake wa 1996, timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yake: huko watu hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalifichwa. Kwa hiyo ukimya kazini si dalili ya amani.

Turudi kwenye hela

Safari ya siku 6 inakupa 240,000 kampuni ya kwanza na 150,000 ya pili. Kwa safari nne: 960,000 dhidi ya 600,000. Ukikosa safari moja kwa kuugua au kwa kunyimwa zamu, ya kwanza bado inaongoza, 720,000. Ukikosa mbili unabaki na 480,000, na ile kampuni "ya hela ndogo" imekupita. Hapo hatujagusa makato wala malipo ya kuchelewa.

Hatusemi hela si kitu. Ada ya mtoto ikikosekana, huo nao ni msongo, tena mkali. Na mwenye kihamba chenye ndizi na kahawa anaweza kukataa kazi kirahisi kuliko asiye nacho. Tunachosema ni kwamba uongozi mbaya ni gharama, na gharama lazima iingie kwenye hesabu.

Kabla ya kukubali, waulize waliowahi kufanya kazi pale:

- Mzigo ukizidi kilo 20, nani anathubutu kusema, na nini kinamtokea?
- Mgumu wa mwisho kuugua alishushwa na nani, na alilipwa siku ngapi?
- Tipu za wageni zinagawiwa mbele ya wote?
- Malipo yanatoka siku gani, na mara ya mwisho yalitoka kweli siku hiyo?

Majibu yakiwa mabaya na bado huna budi kwenda, nenda ukiwa na mpango. Ile tofauti ya 90,000 kwa safari usiihesabu kama mshahara. Itunze, kwa sababu ndiyo nauli yako ya kuondoka. Na kichwa kikiuma, sema. Zamu nyingine utaipata kwingine.