PROGRAMU YA KWANZA YA KATIBU

Mkulima wa kihamba hapa Mwika huleta kahawa yake chamani kidogo kidogo, kadiri inavyoiva, na katibu hujumlisha kilo zake msimu mzima. Nimeulizwa iwapo mtu asiyesomea kompyuta aweza kuiandikia programu ya kazi hiyo. Aweza.

Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, toka juu hadi chini. Lugha imfaayo mwanafunzi ni Python, iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mwaka 1991. Haiuzwi. Ikiisha kuwekwa katika kompyuta, andika katika faili tupu la maandishi:

a = input("Mzigo wa kwanza: ")
b = input("Mzigo wa pili: ")
print("Jumla ya kilo:", a + b)

Lihifadhi kwa jina kilo.py. Kisha fungua dirisha la amri katika folda hiyo hiyo, andika python kilo.py (kwingine huwa python3), ubonyeze Enter. Utaulizwa maswali mawili.

Mimi nilijibu 12 na 30. Hata mtoto aliyetumwa kuleta kahawa angesema 42. Kompyuta iliandika 1230, bila dalili yoyote ya kosa! Nilidhani mashine ni mbovu. Kumbe input hupokea kila jibu kama maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi, kama mtu agundishaye vipande viwili vya karatasi. Yapasa kuiagiza iyageuze kuwa namba:

a = float(input("Mzigo wa kwanza: "))
b = float(input("Mzigo wa pili: "))

Sasa jibu ni 42.0. Desimali huandikwa kwa nukta, 12.5, ukitia mkato, programu itakataa na kusimama. Kosa la namna hiyo silichukii, kwani hujitangaza lenyewe.

La kuogopwa ni lile la 1230. Lau lingeingia katika orodha ya malipo, chama kingelipia kilo 1,188 ambazo hazikupita juu ya mizani yoyote, na upungufu huo ungewaangukia wanachama wote. Kwa hiyo programu isitumiwe kumlipa mtu kabla ya kujaribiwa kwa stakabadhi za msimu uliopita, ambazo jumla zake zilikwisha kuhakikiwa kwa mkono. Mjumbe mmoja wa Bodi awepo, na daftari la mapokezi liwe wazi mezani.

Mkaguzi wa Ushirika